Jiwe Kavu na Pua ya Mama Mkwe

Alikuwa mtu asiyejua kukaa. Ukimpa kiti, mguu wake wa kulia ulianza kutikisika kabla hajaegemea, meza nayo ikatikisika, vikombe vikagongana kama meno ya mwenye homa. Mkewe, fundi cherehani, alizoea kusema, "Huyu mume wangu ningemfunga kwenye gurudumu la cherehani, miaka yote hii nisingekanyaga pedeli."

Hospitalini walimwita Dobi, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na minne: kufua mashuka ya wodi zote. Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa, baada ya jenereta. Palikuwa na mashine tatu, moja ikifanya kazi, moja ikitolewa vipuri, na ya tatu ikisubiri fundi aliyeahidiwa na viongozi watatu waliofuatana. Mapipa ya klorini yalipangwa ukutani, na mvuke wake ulikuwa mkali kiasi kwamba mgeni aliingia akitoka machozi. Dobi hakutoka machozi. Wala hakusikia harufu yoyote. Pua yake ilikufa kidogo kidogo, na alipokuja kugundua hakuweza hata kusema ilikufa mwaka gani. "Pua yangu imestaafu kabla yangu," alisema, "na haikupewa hata cheti."

Kila Jumanne alisukuma mkokoteni wa mashuka kupitia chumba cha kusubiria cha wodi ya watoto. Jumanne ilikuwa siku ya sindano. Watoto walikaa kwenye benchi refu pamoja na mama zao, wakitazama ukuta wa mbele, ukuta wenye madoa ya unyevu na hakuna kingine. Dobi aliyajua madoa yale. Binti yake wa pekee aliyatazama kwa miezi saba, alipokuwa na miaka sita, akayapa majina: hili ng'ombe, hili kiatu, hili bibi amekasirika. Sasa binti yule alikuwa mzima, yuko shule ya bweni, anacheza mpira wa pete. Lakini baba yake kila Jumanne alikuta mtoto mwingine amekaa palepale, macho kwenye ng'ombe yuleyule. Jambo hilo lilimwasha. Wapo watu wanaoweza kupita mbele ya kitu kibaya miaka kumi na wakakizoea. Yeye hakuweza, na ndiyo maana mguu haukutulia.

Basi duka la samaki wa mapambo lilipofungwa mtaani kwao, na mwenye duka, ambaye kila mtu alimwita Mzee wa Samaki, alipokuwa akifungasha kwenda kuishi kwa mwanawe mji wa mbali, Dobi alikwenda kumsaidia kubeba makabati. Akarudi na tangi kubwa la kioo, pampu, mfuko wa chumvi ya bahari, na mawe tisa.

Yalikuwa mawe ya matumbawe, meupe yenye vumbi, yana matundu kama mkate. Yalikaa stoo miaka sita bila kuonja maji. Moja lilikuwa kubwa kuliko yote, lina pango katikati, na Dobi akalipa jina hapohapo: Mlima.

"Sikiliza," Mzee wa Samaki alimwambia, akimshika bega ili asiondoke, maana alikwisha kuanza kuondoka. "Jiwe kavu si jiwe safi. Humo ndani wamo minyoo, konokono na sifongo waliokufa, wamekauka. Ukililowesha wataanza kuoza upya kama waliokufa jana. Ukiweka samaki kabla uozo haujaisha, unawaweka kaburini. Sugua, loweka kwenye klorini, suuza, anika, kisha litie kwenye maji ya chumvi na pampu, gizani, wiki nyingi. Wale vijidudu wazuri waingie kwenye matundu, waule uchafu. Nami nitakutumia samaki wangu wawili siku ukiwa tayari."

"Nitajuaje niko tayari?"

Mzee alimpa kichupa. "Dondoshea hii kwenye maji. Yakibaki ya njano, salama. Yakigeuka kijani, kuna sumu. Ila kichupa hiki kimezeeka kama mimi, kinaweza kukuambia dunia yote ni njano. Usikiamini peke yake. Amini pua. Jiwe lililo tayari halinuki. Likikunukia kama yai viza, rudisha pipani."

Dobi alifungua kinywa amwambie kuhusu pua yake, akakifunga.

Metroni wa wodi ya watoto alikubali baada ya kusumbuliwa wiki tatu mfululizo. Alikuwa mama mnene mwenye funguo nyingi kiunoni na huruma nyingi aliyoificha vizuri. "Nina siku sitini," alisema. "Wodi inapakwa rangi. Mkurugenzi anakuja kuifungua Jumatatu ya mwisho wa mwezi ujao, na yeye anataka runinga pale ukutani. Nimemwambia kutakuwa na samaki hai. Asipowaona siku hiyo, runinga inapanda na tangi linatoka. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Na tuliza huo mguu, unanitia kizunguzungu."

Kazi ilianzia nyumbani na ikaharibika nyumbani. Dobi alichukua beseni kubwa la mkewe, akaloweka mawe kwenye klorini uani, akayasugua kwa brashi ya kufulia na kuchokoa matundu kwa msumari. Alisugua kwa haraka kama anayefukuzwa, matone yakaruka, na kitambaa cha buluu cha mteja kilichokuwa kwenye kamba kikapata madoadoa meupe mithili ya kanga, yule ndege. Mkewe alikitazama kitambaa, akamtazama mume, akayatazama mawe.

"Kuanzia leo," akasema, "mimi na mawe yako mbali mbali. Yasiingie ndani. Nisiyaone, nisiyaguse, wala usinisimulie habari zake."

Mawe yakahamia chumba cha kufulia. Yakakaa siku saba kwenye klorini, yakasuuzwa mara tano, yakaanikwa juani juu ya bati mpaka yakawa meupe kama meno. Halafu yakaingia kwenye pipa jeusi lenye maji ya chumvi, pampu ikiyazungusha, kifuniko juu. Kilichobaki ni kungoja, na hapo ndipo Dobi alipoteseka. Kusugua alikuweza. Kungoja kulimshinda. Alifunua pipa asubuhi, mchana na jioni. Alidondoshea kichupa mpaka kikaanza kwisha, na kila mara maji yalikuwa ya njano, njano tangu siku ya kwanza, jambo ambalo hata mjinga angelitilia shaka. Kilihitajika kile alichosema mzee. Ilihitajika pua.

Na pua ilikuwepo nyumbani kwake. Mama mkwe, aliyehamia kwao baada ya kufiwa, alikuwa na pua iliyojulikana mtaa mzima. Akiwa kizingitini aliweza kusema maziwa ya jirani yamechacha, au kwamba mvua itanyesha, au kwamba fulani amerejea kuvuta sigara. Magoti yalimkataa, macho yalimpunguzia, lakini pua ilimpa heshima. Watu walimletea nyama kabla ya kuipika.

Dobi alimwendea jioni moja, akasimama mbali kidogo kama inavyompasa mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe. Kaa."

"Nitasimama tu, mama. Nina ombi."

Akalieleza. Bibi alisikiliza hadi mwisho, halafu akajifunga vizuri kitambaa cha kichwa kama mtu aliyeitwa kazini.

Ukawa ndio utaratibu wao. Kila baada ya siku kadhaa Dobi alitoa jiwe moja pipani, akalifunga kwenye mfuko likiwa linadondoka, akalibeba begani nusu saa hadi nyumbani. Mama mkwe alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kwa kuwa ndani palikatazwa. Alilipokea jiwe magotini, akafumba macho, akalinusa kila upande kama anayesoma barua. "Bado," alisema, na Dobi alilirudisha. Wiki nyingine tena: "Bado. Hapa chini pana mtu amekufa." Hadi siku alipolinusa la kwanza, akalinusa tena, akatabasamu. "Hili halina neno. Linanuka jiwe tu." Dobi alirudi hospitalini karibu anakimbia.

Wapita njia walimzoea. "Dobi, leo unampeleka nani kliniki?" walimtania. "Huyo mgonjwa mbona kichwa kikubwa?"

Matano ya kwanza yalipita kwa shida, kila moja likirudishwa mara moja au mbili. Manne ya mwisho yalipita haraka, mfululizo, bila hata moja kurudishwa. Mlima wenyewe, alioubeba akihema na kupumzika kila nguzo ya umeme, ulipita mara ya kwanza. Mama mkwe aliuweka magotini kidogo tu. "Safi," alisema, akageuka kuangalia pembeni.

Dobi alichelewa kuupokea. Alitaka kusema, mama, hebu nusa tena. Lakini mtu hamwulizi mama mkwe mara mbili. Akisema amekula, amekula. Akisema hajambo, hajambo. Miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kumrudishia swali hata la saa ngapi. Akaubeba Mlima, akaondoka. Na kwa kuwa zilibaki siku nne tu, nisiseme uongo, alifurahi pia kutouliza.

Alhamisi mawe yote yalikuwa ndani ya tangi kwenye chumba cha kusubiria, Mlima katikati, mengine yakiuzunguka. Maji yalikuwa maangavu. Rangi mpya ya ukuta ilimfunika ng'ombe, kiatu na bibi aliyekasirika. Metroni alizunguka tangi mara mbili, akasema, "Si mbaya," na kwake hizo zilikuwa sifa kubwa. Samaki wangekuja Jumatatu kwa basi la asubuhi, ndani ya mfuko wa maji.

Jumapili alasiri Dobi hakujua akae wapi. Alifagia uani palipokwisha fagiliwa. Alikaza skrubu za mlango. Mkewe alikuwa amekwenda kwa jirani kupima gauni. Alipoingia jikoni kutafuta kitu kingine cha kukaza, aliona moshi.

Sufuria ya maziwa ilikuwa jikoni, imefurika, imekauka, imeungua mpaka chini pamekuwa makaa. Moshi ulitanda darini. Na hatua mbili kutoka pale, juu ya kigoda, mama mkwe alikuwa amekaa amelipa jiko mgongo, anachambua mchele kwa utulivu, anaimba chini chini.

Dobi alizima jiko. Bibi aligeuka, akaiona sufuria, wimbo ukakatika. Mguu wa Dobi, kwa mara ya kwanza labda tangu utotoni, ulikuwa umesimama kimya.

"Usiniulize," alisema bibi.

"Sijauliza, mama."

"Nakwambia mapema. Maana ukiniuliza nitakujibu."

Dobi aliiondoa sufuria jikoni. Bibi alichukua punje moja ya mchele, akaitazama kana kwamba ina maandishi.

"Ni yale mafua ya wiki mbili zilizopita," akasema mwenyewe. "Yaliondoka na pua. Sinusi kitunguu, sinusi sabuni. Yale matano niliyanusa kweli, mkwe wangu, nakuapia. Haya manne nilibahatisha."

"Na Mlima?"

"Ulikuwa mweupe mno. Nikasema, kitu cheupe hivi kitanuka nini?" Sauti ilimpasuka. "Wewe ulikuwa unakuja na jasho, unasimama pale, unaningoja kama daktari. Nyumba hii nafuliwa, napikiwa, nashikwa mkono kwenda msalani. Kitu kimoja tu kilikuwa changu. Ningekwambia nini?"

Mkewe aliingia wakati huo, mkono kwenye pua. "Mnachoma nini humu? Harufu imenifikia kwa jirani!" Aliwatazama wote wawili, akaitazama sufuria, na kwa kuwa alikuwa mtu wa akili hakuhitaji hotuba. "Mama! Mficha maradhi kifo humuumbua, ulinifundisha wewe mwenyewe." Halafu akamgeukia mumewe. "Na wewe, miezi miwili unazunguka na mawe kutafuta pua, hii yangu ni pambo?"

"Ulisema nisikusimulie habari zake."

"Nilisema usinisimulie. Sikusema uwe mjinga. Vaa viatu."

Walifika hospitalini jua halijazama. Chumba cha kusubiria kilikuwa kitupu, kinanuka rangi na dawa ya kusafishia sakafu, na harufu hizo mbili zingeweza kuficha maiti. Dobi alikunja mikono ya shati, akaunyanyua Mlima kutoka kwenye maji, akaupindua juu ya ndoo. Kutoka kwenye pango, mahali ambapo brashi haikufika wala msumari haukupinda, yalitoka maji meusi, mazito.

Mkewe aliinama, akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Yai viza?" aliuliza Dobi.

"Yai viza lililosahaulika kwenye kiatu." Alipumua mdomoni, akajitahidi, akanusa na mengine matatu yaliyobahatishwa. Mawili yalikuwa mazima. La tatu lilikuwa limeanza kuoza.

Dobi aliketi kwenye benchi la watoto. Aliutazama ukuta mpya. Kisha akatoa simu, kwa sababu alijijua: akikaa dakika tano zaidi angeanza kujidanganya, angesema labda, angesema pengine.

"Mzee, samaki umeshawapakia?"

"Bado, mpaka alfajiri. Vipi, mbona sauti hiyo?"

"Usiwapakie. Mlima unanuka."

"Na ufunguzi?"

"Utafanyika bila wao."

Jumatatu saa mbili asubuhi Metroni alimkuta amesimama kando ya tangi lenye mawe saba na pengo katikati. Alimsikiliza akizungusha funguo kiunoni.

"Mwambie huyo mzee awalete hata kwa teksi," alisema. "Waogelee saa moja tu. Mkurugenzi apite, apige picha. Wakifa kesho, wamekufa."

"Kesho ni Jumanne, Metroni."

"Najua siku."

"Jumanne ndiyo siku ya sindano. Watoto wote watakuwa hapa kwenye benchi. Unataka watazame samaki wakifa?"

Funguo za Metroni zikaacha kulia. "Runinga iko stoo," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Sitaweza kuizuia."

"Najua."

Mimi ninayesimulia nimehudhuria funguzi nyingi kwa umri wangu mdogo, na nimeona mambo: maua yaliyochomekwa asubuhi bila mizizi, bomba lililojazwa maji kwa ndoo likatiririka dakika kumi za makofi, vitanda vilivyoazimwa vikarudishwa jioni. Kila mmoja wetu pale hujua. Tunapiga makofi hivyo hivyo. Kwa hiyo sitamlaumu Metroni peke yake. Ila nitasema kwamba siku ile, kati ya watu hamsini waliovaa vizuri, aliyekataa kudanganya watoto alikuwa mfua mashuka.

Mkurugenzi alikata utepe, akaingia, akalisogelea tangi. "Samaki wako wapi?"

"Hawapo, mheshimiwa," alisema Dobi. Mguu ulikuwa umeanza tena. "Jiwe moja lilikuwa linaoza ndani. Wangekufa."

"Kwa hiyo mmeniita kutazama mawe?"

Watu walicheka, kama watu wanavyocheka mkubwa akitania. Msichana mmoja mwenye bandeji mkononi, aliyekuwa amekaa benchini na mama yake, hakucheka. "Watakuja lini?" aliuliza.

"Sijui," Dobi alimjibu. "Jiwe likiacha kunuka."

Msichana alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba hilo ni jibu la kawaida kabisa.

Runinga ilipanda ukutani Jumatano. Tangi lilitakiwa kutoka, lakini fundi wa karakana alilipima kwa macho, akasema hilo na maji yake haliguswi bila watu sita. Watu sita hawakupatikana wiki ile, wala iliyofuata, na Metroni, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatafuta, hakuonekana kuwatafuta kwa bidii. Tangi likabaki chini ya runinga. Mlima na mwenzake walirudi kwenye klorini. Safari hii Dobi alifunga kitambaa kwenye waya, akaupitisha pangoni, akasugua ndani mpaka uchafu ukaacha kutoka. Suuza, jua, pipa jeusi. Akangoja vibaya vilevile, akifunua kifuniko mara tatu kwa siku.

Pua ya mama mkwe ilirudi asubuhi moja bila taarifa. Aliamka akasema, "Nani amevua viatu?" na mkewe Dobi akacheka hadi akakaa chini.

Lakini bibi hakutaka tena kuletewa jiwe nyumbani. Alisema ataifuata kazi kazini. Jumanne walimshika mkono, mmoja kila upande, wakampeleka hadi chumba cha kusubiria, wakamkalisha benchini katikati ya watoto. Hakuna aliyeitazama runinga. Lile jiwe jingine lilipokwisha kupita, Dobi alimwekea Mlima magotini, juu ya taulo ya hospitali aliyoifua mwenyewe. Bibi alifumba macho. Alinusa juu, akanusa pembeni, akaingiza pua yote pangoni.

"Safi," alisema.

Dobi alisimama. Mkewe alimkanyaga mguu.

"Mama," alisema Dobi, "una hakika?"

Bibi alifumbua macho. Alimtazama mkwe wake muda mrefu, halafu akaliinamia jiwe tena, polepole kuliko mara ya kwanza, akanusa kila tundu.

"Safi. Na ukitaka, niulize mara ya tatu." Akamgeukia msichana wa bandeji aliyekuwa amekaa pembeni yake, shingo ameinyoosha. "Hebu na wewe nusa, mjukuu wangu. Tusije tukamtegemea mtu mmoja."

Msichana alinusa. Alikunja uso, akafikiri.

"Linanuka jiwe tu," alisema.

Dobi alikuwa ameshatoa simu.